Dakika Arobaini na Tano za Gia ya Pili

Dereva alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, magoti pamoja, viganja juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupimwa presha. Alikuwa na siku tatu ndani, na bado shati lake lilikuwa na mistari ya pasi mabegani. Sajini wa upelelezi aliliona shati kabla ya uso. Mama huyo alikuwa na maradhi ya kuona vitu visivyo na maana na kuviulizia, ndiyo maana kituo kizima, kuanzia mkuu hadi mfagiaji, kilimwita Kwanini. Jina lake lingine lilibaki kwenye kitambulisho tu.

"Nani anakupigia pasi?"

"Shemeji," dereva akasema. "Mume wa dada yangu. Kila asubuhi ananiletea shati safi na kuchukua la jana."

"Yule yule mkuu wa stoo?"

"Huyo huyo. Ndiye aliyenitafutia na kazi. Mungu ambariki."

Kwanini akafungua jalada juu ya goti lake. Mambo yaliyokuwa mle ndani yalikuwa mafupi, na kwa dereva yalikuwa mabaya. Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, alitoka stoo kuu ya dawa akiwa na makasha mawili ya insulini, ile dawa ya kudunga ya wagonjwa wa sukari. Makasha yalifungwa kwa lakiri za plastiki zenye namba. Hospitali aliyokuwa akiipelekea iko kilometa mia moja na arobaini, safari ya saa moja na dakika arobaini na tano. Yeye alitumia saa mbili na nusu. Makasha yalipofunguliwa yalikutwa na chupa za maji ya chumvi, zimepangwa vizuri utadhani ndizo zilizoagizwa. Na namba za lakiri hazikulingana na zile za kwenye hati ya mzigo. Dakika arobaini na tano zimepotea njiani, lakiri zimebadilishwa, dawa imeyeyuka. Mwendesha mashtaka alisema hahitaji zaidi ya hapo. Kesho, Jumanne, saa nne asubuhi, dereva angepandishwa kizimbani, na kwa kosa la aina hiyo asingerudi nyumbani siku hiyo wala mwaka huo.

"Nieleze tena hizo dakika zako."

"Nimeshaeleza mara nne, sajini."

"Mimi sikuwepo. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua gari."

Na kweli Kwanini hakujua. Yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa pikipiki.

Dereva akavuta pumzi. "Nilipovuka tu daraja, gari likaanza kulia. Ule mshale wa mizunguko ya injini umezoea kukaa kwenye elfu mbili. Ukaruka mpaka elfu tatu. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliendi. Gia zimeganda. Taa ya njano inapepesa kwenye dashibodi. Nikijaribu kuvuka hamsini, injini inalia utadhani inataka kutoka ije ikae kiti cha abiria. Nikaenda hivyo hivyo, hamsini, hamsini, mpaka hospitali."

"Hukusimama mahali?"

"Sikusimama. Hata pale kwenye kizuizi cha daraja, mlinzi alikuja dirishani, injini inanguruma. Sikuzima gari hata mara moja."

Sentensi hiyo ilikuwa kwenye maelezo yake ya kwanza pia. Askari aliyemhoji aliipigia mstari mwekundu na kuiwekea alama ya kuuliza pembeni, kisha hakuuliza chochote.

"Kwa nini hukuzima?"

"Ah! Dizeli yenye tabo, kile kifeni cha kuisukumia injini hewa, imelia saa nzima, inawaka moto, uizime ghafla? Unaiua! Mimi nimetokea kwenye malori, sajini. Aliyenifundisha alinifundisha kwa makofi." Kwa mara ya kwanza alichangamka. "Halafu lile ni otomatiki. Gari la klachi likikataa kuwaka unatafuta watu wanne, mnasukuma, unaachia klachi, limewaka. Otomatiki msukume mpaka mtoke jasho la damu, haliwaki. Sasa mimi nina dawa inayotaka ubaridi, niko porini peke yangu. Nizime nimwite nani?"

"Hilo ndilo gari lako la kila siku?"

"Langu lina klachi. Siku ile lilikuwa na pancha, shemeji akanipa lile analolitumia yeye."

"Na hati ya mzigo ulisaini. Namba za lakiri uliziangalia?"

"Shemeji kaandika kwa mkono wake, mimi nianze kumkagua? Huo si utakuwa utovu wa adabu?"

"Njiani kuna mtu ulimpigia simu?"

Dereva akaangalia viatu vyake, ambavyo havikuwa na kamba kwa sababu kamba huchukuliwa mapokezi. "Hapana," akasema.

Majibu yake yote yalikuwa marefu. Hili peke yake lilikuwa neno moja. Kwanini akaliandika kwenye mstari wake lenyewe, akafunga daftari.

Ripoti ya mkaguzi wa magari ilikuwa na mistari mitatu, na mkaguzi mwenyewe aliisifu kwa ufupi wake. Gari limeendeshwa dakika kumi kuzunguka kituo. Gia zote zinabadilika, hakuna taa ya hitilafu. Gari ni zima. Kwa lugha nyingine, dereva ni mwongo.

Kwanini aliibeba ripoti hiyo mpaka uani, ambako kulikuwa na mtu aliyelala chali chini ya pikapu ya kijivu, lile gari la Ijumaa. Mtu huyo alikuwa fundi wa gia za otomatiki, wala hakutaka kugusa kitu kingine. Za klachi alisema ni za watoto wa shule. Walimwita Sikio, kwa sababu alipenda kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha gari na mpini wake sikioni, macho amefumba, kama daktari anayesikiliza kifua. Akatoka chini ya gari, akasoma mistari mitatu, akacheka kwa pua.

"Dakika kumi! Hata maji ya chai hayajachemka. Na hizi waya za betri, nani kazichomoa?"

"Ni utaratibu. Gari likikamatwa linachomolewa betri."

"Basi hongereni. Gari lilikuwa na ushahidi kichwani, nyinyi mkalipiga rungu likasahau yote."

"Ushahidi gani?"

Sikio akajifuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo halikusaidia suruali wala mikono. "Sikiliza, dada. Gia za otomatiki zinachaguliwa na kompyuta. Kompyuta inataka kujua gari linakwenda kasi gani, ndipo ichague. Ikikosa hiyo taarifa, inaliandika kosa kwenye kumbukumbu yake, kisha inaogopa. Haitaki kubahatisha. Inashika gia moja na kung'ang'ania hapo hapo. Gari jingine hushika ya tatu, haya hushika ya pili. Basi injini inazunguka kupita kiasi, magurudumu yanakwenda kidogo. Aliye pembeni akisikia ule mlio, anasema huyo anakimbia kwenda kujiua. Kumbe baiskeli inayoshuka mlima ingempita."

Kwanini alisimama wima. Ndani ya jalada kulikuwa na maelezo ya mwalimu wa shule iliyo kando ya barabara, ng'ambo ya daraja. Mwalimu alisema gari la kijivu lilipita Ijumaa "kwa kasi ya ajabu, injini ikilia". Mwendesha mashtaka aliyapenda sana maelezo hayo: kama dereva alikuwa anakimbia hivyo na bado akachelewa, basi lazima alisimama mahali, na alisimama kwa muda mrefu.

"Sasa ikishaganda, inaganduka lini?"

Sikio akatabasamu. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa na mwanya wa kutosha bisibisi. "Hilo nitakuonyesha huko huko. Nikikwambia sasa utaandika kabla hujaona."

Walitoka lango la stoo kuu saa nane na dakika kumi mchana, dakika ile ile. Kwanini alipakia makasha mawili yenye chupa za maji ili uzito uwe ule ule, akakaa kiti cha abiria na saa mkononi na daftari mapajani. Sikio aliendesha. Gari lilikwenda kama lililopakwa siagi. Lilipanda gia moja baada ya nyingine bila kumshtua mtu, na mshale wa mizunguko ukatulia kwenye elfu mbili wakiwa themanini. Kilometa kumi, ishirini, thelathini. Kwanini alianza kuona haya moyoni. Alikuwa amemwomba mkuu wa kituo gari, mafuta na mchana mzima, na mkuu alikuwa amemwambia kwamba akirudi mikono mitupu, wiki nzima atakaa mapokezi akiandika ripoti za vitambulisho vilivyopotea.

"Labda mkaguzi alikuwa sahihi," akasema.

"Subiri lipate joto. Mbona una haraka kama mgonjwa wa tumbo?"

Kwenye kizuizi cha daraja mlinzi aliandika namba ya gari na muda kwenye kitabu chake: saa nane na dakika arobaini. Kwanini aliomba kukiona. Ijumaa, gari hilo hilo, saa nane na dakika arobaini. Mpaka hapo dereva hakuwa amepoteza hata dakika moja. Kama aliiba, aliiba baada ya daraja.

Baada ya daraja barabara ilianza kupanda. Sikio alikanyaga mafuta, na ghafla gari likastuka, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma. Mshale ukaruka. Mlio ukajaa ndani mpaka Kwanini akashika dashibodi kwa mkono, na hapo hapo chini ya kidole chake taa ndogo ya njano ikaanza kupepesa.

"Ehee!" Sikio akapiga usukani kwa kiganja. "Karibu, mama, karibu! Ona mshale: elfu tatu. Ona mwendo: hamsini. Sasa tazama." Akazidisha mafuta. Injini ikapiga ukelele, mshale ukapita elfu tatu na nusu, gari likasogea kidogo sana, kwa chuki. Akaachia. "Mtu mwenye huruma na injini hawezi kuzidisha hapo. Atakaa hamsini mpaka afike."

Kwanini alikuwa ameshasahau haya zake. Aliandika mizunguko, mwendo, kilometa, saa, akaandika tena. Hakuwahi kujua kwamba kelele na kasi ni vitu viwili tofauti; maisha yake yote alivichukua kama ndugu wa tumbo moja.

Kilometa kumi na saba mbele ndipo walipoifikia shule, jengo refu la madarasa yaliyopangana, na ukuta wake mfupi ukienda sambamba na barabara kutoka getini hadi kwenye kona. Walipofika usawa wa geti, Kwanini alisikia kitu juu ya mlio wa injini. Watoto walikuwa wanaimba. Hapana, hawakuwa wanaimba.

"Saba mara moja, saba! Saba mara mbili, kumi na nne!"

"Simama hapo kwenye kona," akasema. "Usizime."

Alirudi kwa miguu, akapita getini, akabisha hodi kwenye darasa ambalo kelele zilitoka. Mwalimu, mwanamke mnene mwenye chaki nyuma ya sikio, alitoka mlangoni akifikiri ni mzazi. Kwanini alijitambulisha na kuuliza walichokuwa wakifanya.

"Gari la makelele likipita siwezi kufundisha," mwalimu akaeleza. "Sauti yenyewe hii niliyonayo ni ya kudumu mpaka kustaafu. Kwa hiyo likitokea tu pale getini tunaanza jedwali la saba, tunasoma mpaka lipotelee kwenye kona. Saba ndiyo inawasumbua. Wengine wamejua hesabu kwa sababu ya malori."

"Na gari lililopita sasa hivi, mmefika wapi?"

Mwalimu aligeukia darasa. Darasa zima likajibu kwa mpigo, bila kuulizwa mara ya pili: "Saba mara saba, arobaini na tisa!"

"Gari linalokimbia sana huwa mnafika wapi?"

"Saba mara tatu!" wakapiga kelele. "Saba mara nne!"

Kwanini alifungua ukurasa mpya. Swali lililofuata aliliuliza polepole, kwa sababu lilikuwa limebeba mtu. "Ijumaa, lilipopita gari la kijivu kama hili, mwalimu, lile uliloandikia maelezo. Mlifika ngapi?"

Mwalimu alikunja uso akijaribu kukumbuka, lakini msichana wa dawati la mbele alikuwa ameshanyoosha mkono mpaka anakaribia kusimama. "Saba mara saba, afande! Mimi ndiye niliyekosea. Nilisema arobaini na saba, nikabaki kufuta ubao."

Mwalimu akaweka kiganja mdomoni. "Ni kweli. Ewe Mola wangu. Mimi niliandika kwamba lilikuwa linakimbia."

"Ulisikia, hukuona."

"Nilisikia mlio tu. Nilikuwa nimegeukia ubao."

Maelezo mapya yaliandikwa pale pale juu ya dawati la mwalimu, na Kwanini akarudi garini karibu akikimbia. Kusimama pale shuleni kulikuwa kumechukua dakika kumi na mbili. Walifika hospitali saa kumi na dakika hamsini na moja. Ukitoa dakika kumi na mbili, walifika saa kumi na dakika thelathini na tisa. Dereva, Ijumaa, alipokelewa saa kumi na dakika arobaini. Kwa hiyo ile nafasi ya kusimama, kukata lakiri, kutoa dawa, kupanga chupa na kufunga upya haikuwepo. Dakika zote arobaini na tano zilikuwa zimeliwa na gia ya pili. Basi dawa ilibadilishwa kabla ya kutoka stoo, na namba za kwenye hati ziliandikwa kwa mkono wa mkuu wa stoo.

"Sasa nionyeshe hilo ulilonificha," akamwambia Sikio kwenye maegesho ya hospitali.

Sikio akazima gari. Kimya kikawa kikubwa mpaka masikio yakauma. "Moja," akasema, "mbili, tatu," akahesabu mpaka kumi kwa vidole, akawasha. Taa ya njano haikuwepo. Akaizungusha pikapu maegesho yote. Gia zikapanda na kushuka kwa adabu.

"Basi?" Kwanini akauliza. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Ukizima, inasahau hofu yake. Inakwenda vizuri kilometa kadhaa, kisha inashika tena. Unazima tena. Aliyelizoea hapotezi hata dakika tano. Ndiyo maana mkaguzi wenu hakuona kitu, na ndiyo maana huyu bwana wenu kaumia. Kila mtu angezima, isipokuwa mtu wa malori aliyefundishwa kwa makofi."

Akaingia chini ya gari na tochi, akakaa huko muda mrefu, bisibisi ikigonga hapa na pale. Alipoita, Kwanini alilala chini kwenye vumbi na sare yake. Waya mwembamba unaotoka kwenye gia ulikuwa umelegea na kuegemea bomba la moshi. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka. Bomba likipata moto, waya unagusa chuma na kompyuta inakosa taarifa.

"Umekatwa?"

"Haujakatwa na mtu. Umeungua wenyewe, na si jana. Tazama masizi haya. Miezi miwili, mitatu."

"Kwa hiyo anayeliendesha kila siku alikuwa anajua."

"Akilivusha daraja mara mbili tu, anajua. Labda awe kiziwi."

Alfajiri ya Jumanne Kwanini alikwenda kwanza stoo kuu, akaomba kitabu cha magari kwa karani wa zamu, akageuza kurasa za miezi minne. Pikapu ya kijivu ilikuwa imevuka daraja mara kumi na moja. Mwendeshaji alikuwa yule yule, mkuu wa stoo. Safu ya hitilafu ilikuwa na mstari mtupu kila safari. Na lile gari la klachi lililokuwa na pancha Ijumaa? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tairi limetolewa, limezibwa au limerudishwa. Kwanini aliandika vyote hivyo, akarudi kituoni, akaketi kwenye kiti cha mapokezi kusubiri shati.

Lilikuja saa moja na nusu, limetundikwa kwenye kiango cha nguo, jeupe, limefunikwa mfuko. Mkuu wa stoo alikuwa mtu nadhifu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayezoea kuwatuliza wengine. Alisalimia askari wote mmoja mmoja.

"Leo nimeleta jeupe," akamwambia Kwanini. "La mahakamani. Dada yake hajalala, sajini, analia tu."

"Umejitahidi sana, shemeji mtu."

"Ni ndugu yangu yule. Nifanyeje?"

Kwanini akajitia hamnazo, akajikuna kichwa kwa kalamu. "Basi nisaidie, maana mimi gari silijui, najua pikipiki tu. Anang'ang'ania kwamba gia ziliganda. Wewe lile gari unalitumia. Limewahi kukusumbua?"

"Kamwe. Miezi minne halijakohoa."

"Hata safari ndefu?"

"Hata. Gari zima lile."

"Na mkaguzi kasema hivyo hivyo. Sasa namsaidiaje? Anasema kilometa mia nzima injini inalia, yeye yuko hamsini, anateseka peke yake porini."

Mkuu wa stoo akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma yenyewe ilionekana ya kweli. "Kilometa mia! Huyo ni kichwa kigumu tu, tunamtania kila siku nyumbani. Siku ya harusi yake gari liliunguruma nje toka asubuhi hadi jioni, anaogopa kulizima. Sasa jitu zima, si angeegesha pembeni, azime, ahesabu mpaka kumi, awashe? Taa inaondoka, gia zinarudi, mtu anaendelea na safari yake."

Kalamu ya Kwanini ilikuwa inakwenda. "Azime," akarudia akiandika, "ahesabu mpaka kumi, awashe. Taa inaondoka." Akaweka nukta. "Taa ipi?"

"Eti?"

"Umesema taa inaondoka. Mimi sikutaja taa."

Mkuu wa stoo akacheka kidogo. "Kila gari lina taa, sajini."

"Lina. Na hili lina dawa yake, ambayo fundi wangu ilimchukua mchana mzima kunionyesha. Wewe umeijulia wapi, kwenye gari ambalo halijawahi kukohoa?"

Mkuu wa stoo aliangalia shati. Alibadilisha mkono uliokuwa umeshika kiango, kisha akaurudisha kule kule. Kwanini alisubiri, akampa nafasi ya jibu lolote la maana, maana alikuwa na hamu ya kweli ya kulisikia. Alichosema mkuu wa stoo mwishowe kilikuwa, "Naomba maji."

"Utaletewa. Kaa hapo kwenye benchi. Askari wameshakwenda kuifungua stoo, na wengine wako nyumbani kwako." Akachukua shati mkononi mwake. "Hili nitampelekea mimi."

Dereva alisimama alipoona shati jeupe. Alivua la jana, akalikunja vizuri kwa ajili ya kurudisha nyumbani, akaanza kuvaa jipya akiwa amempa Kwanini mgongo kwa heshima.

"Hutakwenda mahakamani leo," Kwanini akamwambia. "Dakika zako nimezipata zote. Ulikuwa unasema kweli."

Mabega yakashuka ndani ya shati. "Alhamdulillahi," akasema. "Shemeji kasikia? Yuko hapo nje?"

"Yuko. Kwanza nijibu lile swali langu la jana, maana ulinijibu neno moja. Njiani ulimpigia nani?"

Dereva akageuka. Alikuwa amefunga vifungo viwili. "Sikutaka kumtia matatani. Gari ni lake, mngesema kampa mtu gari bovu."

"Shemeji."

"Ndiyo. Nilimpigia nilipovuka daraja, nilikuwa nimechanganyikiwa. Nikamwambia shemeji, gia zimeganda, nafikiria nisimame pembeni nilizime lipoe kidogo. Ndiye aliyenituliza moyo, sajini." Kidole chake kilikuwa kwenye kifungo cha tatu. "Akaniambia, unavyolijua dizeli wewe, chochote kitakachotokea usilizime. Njoo hivyo hivyo taratibu, nitawaambia hospitali wakusubiri."

"Hospitali hakuwaambia."

"Labda alisahau."

"Na yeye, kila likiganda, alikuwa analizima," Kwanini akasema. "Anahesabu mpaka kumi. Kanieleza mwenyewe sasa hivi."

Dereva alimtazama. Akashusha macho kwenye shati, kwenye mistari ya pasi iliyonyooka mikononi, akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja mpaka akalivua lote. Akalirudisha kwenye kiango chake, akavaa lile chafu la jana.